Moyo Kwanza, Miguu Baadaye

Jua la sayari yetu ni dogo kama punje ya ulezi. Likienda mbali, kila kitu huganda, na sisi wenye magamba huganda nacho miaka saba. Tunabaki macho wachache wa zamu, na likirudi tunawayeyusha wenzetu. Kazi hii haitaki kisomo, inataka kiganja: unapasha moto kifua tu, unasubiri moyo ugonge mara tatu, ndipo unafungulia mvuke wa mikono na miguu.

Sasa wakubwa, ambao hata bomba hawajawahi kulishika, wameamua twende kasi. Eti fungulia kote kwa mpigo. Majuzi walianza na mke wangu. Damu ya miguuni ikaamka kabla ya moyo, ikaenda kugonga mlango uliofungwa. Wakaniambia pole, ni bahati mbaya. Bahati mbaya ya nani?

Leo benchi langu likaletewa binti yangu.

Magamba yake yalikuwa meupe kama chokaa. Niliweka kiganja kifuani pake, moyo kimya. Mikono yangu mingine mitatu ikakaza koki za mikono na miguu. Msimamizi wetu, tunayemwita Chapuchapu, akasimama mlangoni.

"Mzee, mbona koki za miguu zimefungwa?"

"Moyo haujagonga, bosi."

"Agizo unalijua."

"Nalijua. Ndilo lililomuua mama yake."

Akamgeukia mama anayechochea tanuru. "Wewe, fungua koki kuu!"

"Imeganda, bosi," akajibu, huku ameikalia.

"Imeganda kwenye chumba cha mvuke?"

"Hata mimi nashangaa. Labda inakuogopa."

Nilikaribia kucheka. Hapo kifua kikagonga. Mara moja.

Chapuchapu akaja mwenyewe mbiombio. Nikamzuia kwa mikono miwili, wa tatu kwenye koki, wa nne sikuutoa kifuani.

"Nitakufukuza kazi!"

"Nifukuze. Ila ngoja agonge."

Mara ya pili. Kisha kimya, kimya kirefu. "Njoo, mwanangu," nikamnong'oneza. "Usinifanyie hivyo na wewe."

Ya tatu ikaja kwa mbali, kama mgeni anayeona haya kubisha hodi.

Nikafungulia mvuke kidogo kidogo. Akafumbua jicho moja.

"Baba, miguu siisikii."

"Itakuja, mama. Tulia."

Chapuchapu akanyanyua simu ya ukutani. Nikajua anaita walinzi.

"Mkubwa," akasema, akijifuta jasho, "mtindo mpya umefaulu. Ameamka mzima kabisa. Ndiyo, mkubwa. Kesho mabenchi yote."

"Mwongo!" nikapiga kelele. "Mwambie ukweli! Mwambie tulisubiri!"

Akanigeuzia mgongo, akaendelea kuitikia ndiyo, ndiyo. Nilitaka nimrukie nimpokonye ile simu. Lakini mguu mmoja wa binti yangu ulikuwa bado mweupe, na ukishaanza mvuke, huruhusiwi kuachia koki.