Pembe ya Kidole cha Mama

Tangu tumzike baba, nafanya ninachoambiwa na sisikii kitu moyoni. Kaka aliniambia nimpeleke mama hospitali akapigwe picha ya mguu, nikampeleka.

Kidole gumba cha mguu wake wa kulia kimewalalia wenzake, na ubavuni kimeota nundu inayotoboa viatu. Mwaka jana daktari wa mifupa alisema pembe ya kupinda kwake ikifika nyuzi arobaini atapasua. Chini ya hapo, mama avae viatu vipana avumilie. Ilitoka ishirini na sita. Mama akavumilia. Sasa hata sokoni hafiki, na anachotaka ni kupasuliwa tu.

Mpiga picha za eksirei aliweka kibao chake sakafuni. "Panda hapa, mama. Simama kwa miguu yote miwili, uzito sawa."

Nikamshika mkono, kama baba alivyokuwa akifanya.

"Dada, mwachie. Akiegemea, uzito haufiki mguuni na pembe inatoka ndogo."

"Nitaanguka, mwanangu," mama akamwambia.

"Huanguki, mama. Mara moja tu."

Nikamwachia, nikatoka. Kwa kidirisha cha mlango nilimwona amesimama peke yake, midomo kaikaza. Sikumwonea hata huruma, nasema kweli.

Daktari alichora mistari miwili juu ya picha, mmoja kwenye mfupa wa wayo, mwingine kwenye kidole, akapima. "Arobaini na mbili. Tutapasua." Kisha akafungua picha ya mwaka jana, akakunja uso. "Mama, kidole hakikimbii hivi kwa mwaka mmoja. Kimezidi lini?"

"Hakijazidi. Siku ile ya picha baba yao alinishika. Aliambiwa aniachie, akajitia kiziwi. Alikuwa mbishi, Mungu amrehemu."

Wema wake ulimtesa mama mwaka mzima, na mama alisimulia kama kichekesho.

Daktari akaikuza picha ya zamani. Pembeni, karibu kabisa na mguu wa mama, palikuwa na ncha ya kiatu. Ngozi ilikuwa kivuli tu. Misumari ndiyo iliyoonekana, myeupe, midogo, yote imepinda. Baba aligongea viatu vyake mwenyewe, na hakujua kunyoosha msumari hata mmoja.

Daktari akataka kuifunga.

"Ngoja kwanza," nikasema, nikaegemea meza yake.

Mama akainuka kwa mguu wake uleule mbovu, akanishika mkono.