Kufuli la Bomba la Uani

Mwaka wa kipindupindu, Moinaecha na mama yake walipangisha chumba cha nyuma katika nyumba moja ya Kariakoo, upande wa Msimbazi. Walikuwa Wangazija, watu wa asili ya Komoro, waliozaliwa Majunga, huko Bukini, yaani Madagaska. Wenzao walipoanza kuuawa mitaani huko, watu walikimbilia bandarini kwa mamia. Wengi walirudi Ngazija. Wao wawili wakapata nafasi kwenye meli ya mizigo iliyokuja Dar es Salaam.

Wapangaji hawakuwataka tangu mwanzo. Evarista, aliyekaa chumba cha mbele na mumewe Pantaleo, hata hakuficha.

"Unga wenyewe tunaupangia foleni tangu alfajiri," alimwambia balozi wa nyumba kumi, wageni wakisikia. "Sasa na hawa wa melini tuwagawie?"

"Tuna mikono, dada. Tutafanya kazi," Moinaecha alisema kwa Kiswahili chake cha kuvutavuta.

"Mimi si dada yako."

Ugonjwa ulipoingia mtaani, ikasemwa umekuja na meli yao. Evarista akatia kufuli kwenye bomba la uani, akawagawia wapangaji wote funguo isipokuwa Moinaecha. Ikabidi achote maji kwenye visima vya bonde la Jangwani, maji ya rangi ya chai, na mkaa wa kuyachemsha haukupatikana kila siku.

Haukupita muda, mama yake akaanza kuharisha na kutapika. Moinaecha akamkimbilia Pantaleo, aliyekuwa barazani na mkokoteni wake.

"Kaka, nisaidie nimfikishe hospitali."

Pantaleo akashika mikono ya mkokoteni. Evarista akatokea mlangoni.

"Ukimbeba huyo, humu ndani usirudi."

Pantaleo akauachia mkokoteni, akatazama chini. Moinaecha akamfunga mama yake mgongoni kwa kanga, kama anavyobebwa mtoto, akatoka naye juani. Waliokuwa wakija mbele yake walivuka upande wa pili.

Hospitali walimpokea, na mama akapona. Lakini Moinaecha aliporudi kuchukua nguo za kumbadilisha, alikuta vitu vyao vyote vimetupwa uchochoroni, vimemwagiwa dawa ya choo. Aliingia uani, akaokota jiwe, akaligonga lile kufuli mpaka likavunjika. Akanywa, akanawa miguu, akaondoka na kuliacha bomba likimwaga maji. Evarista alisimama mlangoni akitukana, ila hakuthubutu kumsogelea.

Mwaka uliofuata Evarista alienda sokoni Buguruni. Akamwona Moinaecha nyuma ya sinia la mikate ya kumimina, mama yake pembeni akipepea jiko.

"Jamani, kumbe mpo!" Evarista alisema, akijichekesha. "Nipe miwili."

Moinaecha akalifunika sinia, nalo limejaa.

"Imekwisha."

Evarista akasogea pembeni. Moinaecha akamgeukia mteja aliyefuata, akalifunua sinia.