Visiki vya Rugerero

Astaghfirullah, koti lile! Hata leo nikiona kitambaa cha kaki napata kichefuchefu, na kulivaa nililivaa mwenyewe, vifungo vyote vitano, hakuna aliyenishika mikono.

Mimi ni Faradji, mkata kuni. Wakausha samaki wa ziwani na waoka mikate wa mjini Gisenyi, wote walipikia kuni zangu. Juu ya Rugerero tulikuwa na msitu wa mikaratusi, mali ya shefu, mtawala wetu, tumeugawa mafungu saba. Kila mwaka tunakata fungu moja tu. Unakata chini, shibiri moja kutoka ardhini, kwa shoka kali lisilochana gamba, na uso wa kisiki unauacha umeinama upande ili mvua isitulie juu yake kikaoza. Baada ya miezi michache kinachipua. Unachagua machipukizi matatu yenye nguvu, mengine unayatoa, unakwenda zako. Ukimaliza fungu la saba, la kwanza limekuwa miti tena. Tulizunguka hivyo mara mbili bila kupanda mche hata mmoja, na mizizi ilishika udongo wa mlima usishukie chemchemi yetu. Kazi ya akili hiyo!

Mwaka wa hamsini na nne shefu akamfanya Twagirimana kapita, msimamizi wa msitu. Huyo kijana shoka nilimfundisha mimi. Mwenye tanuru la matofali akamwambia kisiki na mizizi yake vinawaka muda mrefu kuliko kuni, basi, akaleta watu na majembe wakaanza kung'oa. Nikapanda mbio nikawakuta kwenye fungu la nne, juu kabisa ya chemchemi.

"We Twagirimana, unafanya nini? Kisiki ndiyo mama ya muti!"

"Bon, sikia, baba. Karatusi inakunywa maji, wazungu wenyewe banasema. Donc tukitoa visiki, maji itakuwa mingi."

Aliniona mjinga mimi? Sawa, ilikunywa, lakini na sisi ilituachia. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, tena makali. Ndipo akavua koti lake jipya la kaki akanivika mabegani. "Baridi ya asubuhi iko mubaya, baba." Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nikafunga vifungo nikanyamaza. Puu! Nyani haoni kundule. Wiki mbili baadaye akaja kumposa binti yangu Mukashyaka, na kinywa changu, juu ya ukosi wa koti lake, kikasema: njoo na wazee wako Ijumaa.

Siku zilezile mvua za masika zikashika. Mashimo ya visiki yakajaa maji, yakapasuka, na udongo mwekundu ukateremka wote kwenye chemchemi. Maji yakawa mazito kama uji wa mtama, yananuka majani yaliyooza, na ndani yake mnyoo unajinyonganyonga. Wanawake wakaanza kushuka mpaka ziwani, saa nzima kwenda, na kurudi ni kupanda. Mukashyaka alirudi na mtungi kichwani, shingo inatetemeka. Hakunitazama mimi, alitazama koti.

"Baba, yule mutu mi simutaki. Aliharibu maji ya batu wote, na anacheka."

"Nimeshatoa neno," nikamjibu. "Neno la mutu muzima halirudi."

Nikikumbuka nilivyomjibu mwanangu, najichukia kuliko ninavyomchukia yule.

Ijumaa baada ya sala wakaja, Twagirimana na mjomba wake Nzeyimana, kanzu nyeupe, viatu vinang'aa. Kwetu mgeni huanza kwa maji, na mchumba hakatai maji ya nyumba ya wakwe hata awe hana kiu. Nilitarajia yale ya ziwani, yalikuwa ndani ya mtungi. Pazia likafunguka, Mukashyaka akapiga magoti na sinia. Gilasi tatu. Ndani yake maji mekundu, na kipande cha mzizi kinaelea.

Nzeyimana akaiweka yake chini ya kiti polepole. Twagirimana akaitazama yake, akanitazama mimi, halafu, wallahi, akainywa! Yote! Koo linapanda, linashuka, na mchanga nikausikia unasagika kwenye meno yake. Akajifuta mdomo, akatabasamu.

"Maji tamu sana, baba."

Ayii, mama! Angetema ningemheshimu. Angesema, baba, maji haya machafu, nimeyachafua mimi, huenda ningemsamehe na binti ningempa. Lakini mtu anayemeza uchafu wake mwenyewe akicheka, mwanangu angemezeshwa nini kwenye nyumba ya huyo?

Mukashyaka hakuinuka. Akanisogezea gilasi ya tatu, macho chini, kwa adabu zote.

"Na wewe, baba."

Wote wakanitazama. Nikaitia mdomoni. Udongo ule niliujua, ni wa fungu la nne, nimeukanyaga miaka yote, na palepale nikawaona wale watu na majembe yao, na mimi nimesimama kando nafunga vifungo. Ptuu! Niliyatema yakanimwagikia kifuani, kwenye kaki. Nzeyimana akaruka kando kuokoa kanzu yake.

Nikafungua kifungo cha kwanza, cha pili, mpaka cha tano. Nikamwekea Twagirimana koti lake magotini, limelowa.

"Chukua yako. Binti sitoi."

"Baba, ulitoa neno!"

"Nilitoa. Na sasa narudisha, batu wote baseme wanachotaka. Toka."

Walipotoka, nilikaa na shati langu bovu, baridi inanipiga. Mukashyaka akachukua gilasi zile, akaenda kuzimwaga nyuma ya nyumba. Akarudi na moja, safi, imejaa maji ya ziwani aliyoyapandisha mwenyewe.

"Sukutua kwanza," akasema. "Halafu unywe."