Waya wa Korido ya Chini

Mara tatu ndani ya wiki mbili televisheni za vyumba vya chini zilikosa picha, na mara zote nilikuwa nimetoka kudeki korido. Aliyeliona hilo ni Redio, mpokeaji wageni wa gesti yetu. Jina hilo tulimpa kwa sababu hazimiki.

"Mama, huyu akipita na ndoo, picha inakufa," alimwambia mwenye gesti, nami nimesimama palepale na dekio mkononi. "Saa mbili tatu baadaye inafufuka yenyewe. Jiulize."

Mama alijiuliza. Dada yangu anapika kwenye gesti ya ng'ambo ya barabara, ambako wageni wetu walikuwa wakihamia wakikosa mpira. Jibu likapatikana haraka: nimetumwa.

"Leo sikufukuzi," aliniambia. "Kesho namleta fundi. Akikuta mkono wa mtu kwenye waya wangu, utafunga nguo zako uende kwa huyo dada yako."

Nilichukua ndoo nikaenda kuimwaga. Ukimnyamazia anayekushuku anaona umekiri. Tangu hapo, kila nilipoinama kuokota shuka nilisikia ndara za Redio nyuma yangu. Nami nikaanza kumshuku yeye. Mbona alikuwa anajua saa za picha kufa na kufufuka vizuri vile?

Fundi wa madishi alikuja asubuhi. Alipanda juu, akapima, akasema dishi ni zima. Akaufuata waya ukutani mpaka korido ya chini, sisi watatu nyuma yake kama wafiwa.

"Binti, unadeki vipi hapa?"

Nilimwonyesha. Namwaga maji mpaka pembeni mwa ukuta, kisha nayavuta. Akapiga magoti nyuma ya kabati la mashuka, akavuta waya. Ulikuwa na nundu ya selotepu, inachuruzika maji.

"Mkono wa mtu huu hapa," alisema.

Redio akakohoa.

Fundi alitoa kipande kipya begini, akakichuna mbele ya mama. "Mama, huu si waya wa pasi. Katikati kuna uzi wa shaba. Juu yake plastiki nyeupe, halafu wavu wa nyuzi, halafu gamba la nje. Mawimbi yanasafiri hapa kwenye nyeupe, kati ya shaba na wavu. Wavu unazuia ya nje yasiingie na ya ndani yasivuje. Ndiyo maana waya huu utaukuta kwenye madishi, kwenye kamera za ulinzi, mpaka kwenye minara ya simu. Sasa nafasi hii nyeupe lazima iwe ileile mwanzo hadi mwisho. Ukiungaunga hivi, mawimbi yanagonga, mengine yanarudi yalikotoka. Na maji yakiingia, ndiyo basi."

"Yakikauka je?" aliuliza Redio.

"Picha inarudi. Mpaka mdeki tena."

Akabandua selotepu. Akasita, kisha akacheka. "Nimekuta waya zilizosokotwa, zilizopigwa fundo, hata zilizobandikwa bablishi iliyotafunwa. Huu umesukwa."

Kweli. Nyuzi za wavu zilikuwa zimegawanywa mafungu matatu, zikasukwa mkia uliobana, ncha imekunjwa ndani isifumuke.

"Kazi ya mwanamke hiyo," alisema Redio, akiniangalia. "Si nilisema?"

Niliutazama ule mkia. Kabla ya gesti, mama alikuwa na saluni miaka kumi na miwili, na kukunja ncha ndani ni mkono wake. Mwezi uliopita tulihamisha kabati hilo, likaubana waya, yeye akatutuma tukafue mapazia, akabaki peke yake. Nikisema, nafukuzwa kwa mdomo. Nisiposema, nafukuzwa kwa waya.

"Mimi sijui kusuka, mama," nilisema. Sauti ilitoka ndogo.

Redio alifungua kinywa. Akatazama kichwa changu nilichokinyoa kipara, akatazama vidole vya mama, akakifunga.

"Kabati liliubana," mama alisema mwishowe, akimwambia fundi, si mimi. "Nikaunga, picha ikarudi. Nikajua yamekwisha."

Fundi alikata pale, akatia vichwa vya chuma vya kuungia, akaupitisha waya juu ya milango. Mama aliingia chumba namba mbili, akawasha televisheni.

"Deki," alisema.

Nikamwaga maji.

"Ongeza."

Nikaongeza mpaka yakamfikia miguuni. Mtangazaji hakukatika hata neno moja. Mama alizima televisheni, akatoka na kunipita bila kunitazama.

"Namba sita hakujatandikwa."

Nilichukua mashuka. Nilipofika mlangoni niligeuka. Mama alikuwa amenyoosha mkono juu ya mlango wa namba mbili, anaupapasa waya mpya kwa vidole kama bado anatafuta mkono wa mtu, huku ananiangalia.