Kiti cha Gwenfron Viazi

Kopo liligonga ubao mara mbili, likanyamaza. Gwenfron alifumbua macho gizani, akazuia pumzi. Likagonga tena.

Kila nyumba ya mtaa wa Stryd Ucha ina kopo lake. Ni kopo tupu la maharage, limeachwa lielee kwenye shimo chini ya sakafu. Maji ya kifusi yakipanda, kopo hupanda nayo mpaka lifike kwenye ubao, lipige hodi. Watoto wa mtaa huu hulala fofofo na kelele za mbwa na za walevi wa Jumamosi, lakini kopo likigonga huamka wenyewe na kutafuta viatu.

Alishuka jikoni, akainua ubao, akapima kwa mkono. Maji yalikuwa yamebakiza vidole vinne. Nje lilikuwa giza zito la asubuhi ya Februari, na juu ya mapaa kilima cha kifusi kilikuwa cheusi kuliko giza lenyewe: tope, mawe na vumbi la makaa, takataka za miaka mia za mgodi. Mgodi ulifungwa, kampuni ikafa, kifusi kikabaki yatima. Yatima hana wa kumzibulia mitaro, na mitaro ikiziba maji hujaa ndani, kifusi kikaweza kuporomokea nyumba.

Saa moja alikuwa kwenye treni ya Cardiff. Huko Bungeni alikuwa Mheshimiwa Gwenfron Prydderch, mbunge wa mkoa. Mtaani alikuwa Gwenfron Viazi, maana miaka kumi na tisa aliwapakulia viazi watoto wa shule, na bonde hili humwita mtu kwa kazi yake mpaka kaburini. Idwal Mkate aliizima tanuri yake zamani, bado ni Mkate. Gwenfron alisoma madarasa ya jioni huku mikono ikinuka kitunguu. Akagombea udiwani kwa hasira ya mtaro mmoja ulioziba, akashinda. Chama kikamweka wa kwanza kwenye orodha yake ya mkoa. Sasa ilikuwa miaka minane yumo Bungeni, na katika miaka hiyo minane alikuwa na muswada mmoja tu: serikali ilazimishwe kuzibua mitaro ya vifusi vyote visivyo na mwenyewe. Ulikuwa umesomwa mara moja. Ungerudi baada ya uchaguzi wa Mei, kama ungekuwa na mtu wa kuurudisha.

Tudur Penry, katibu wa chama, alimkaribisha ofisini kwake kwa chai iliyoletwa na msichana.

"Kaa, mama, kaa. Nina habari njema. Mwaka huu jimbo lenu tunalichukua. Tumempata Rhydian. Wakili, anaongea vizuri."

"Nimemwona kwenye bango," Gwenfron alisema. "Bonde lililo nyuma yake si letu."

Tudur akacheka peke yake. "Picha, mama, picha tu. Sasa sikiliza. Kule wanakusikiliza wewe. Mzungushe mlango kwa mlango."

"Akishinda, mimi naanguka."

Hakuwa anauliza. Mpiga kura wa kwao hupewa karatasi mbili: ya kwanza humchagua mtu wa jimbo, ya pili hukipa chama kura ya mkoa. Na viti vya mkoa ni vya kuvifidia vyama vilivyokosa majimboni. Miaka minane chama chao kilikuwa kikishindwa jimboni na kufidiwa Gwenfron. Aliwahi kuwaeleza kina mama kwa lugha ya jikoni, kwamba aliyepakuliwa sahani kubwa hapewi nyongeza. Waliitikia kwa vichwa, wakaendelea kuamini kwamba karatasi zote mbili ni za Gwenfron Viazi.

"Kwa nini nisisimame mimi jimboni?" aliuliza.

"Tuliuliza watu. Nje ya bonde..." Tudur alizungusha kijiko kwenye kikombe kisicho na sukari. "Wanamwona mpishi, Gwenfron."

"Wana macho mazuri."

"Usikasirike. Rhydian ataubeba muswada wako, tena akiwa na kiti cha jimbo, kiti kizito. Ukikataa..." Akagusa karatasi mezani. "Orodha bado haijaenda kuchapwa. Wa kwanza anaweza kuwa wa tano. Hapo muswada unabaki kama kifusi chenyewe. Hauna mwenyewe."

"Basi niandikie. Kwamba ataubeba."

"Tuandikiane?" Alionekana kuumia kweli. "Sisi si familia?"

"Na watu wangu niwaambie nini?"

"Usiwachoshe na hesabu. Waambie chama kinaomba kura zote. Basi."

Kwenye treni ya kurudi aliangalia mvua ikichora mistari dirishani. Mzigo ukifika, nani atauliza ulibebwa na mgongo gani? Alijiambia hivyo vituo vinne mfululizo. Cha tano kilipofika, aliacha.

Hata hivyo, Aprili nzima alimzungusha Rhydian. Hakuwa kijana mbaya. Alikuwa na viatu vyepesi vya rangi ya maziwa, na kila walipotoka kwenye nyumba aliuliza zimebaki ngapi. Gwenfron alimfundisha majina: huyu ni Marged Posta, usimtaje mumewe, huyu ni Idwal Mkate, ukikaribishwa keki kula, hata kama ni ya juzi.

Namba kumi na moja alikaa Meirwen, mfungashaji wa nyama ya kuku kiwandani, na binti yake Lleucu wa miaka sita. Meirwen alimkagua mgeni kuanzia juu, akaishia kwenye viatu.

"Shoga, ndiye mkwe uliyetuletea?"

"Mgombea, Meirwen."

"Ameoa?"

"Meirwen!"

"Nauliza tu. Kuuliza si kesi."

Rhydian alicheka, akainama mbele ya kochi alipolala mtoto na homa, kafunikwa blanketi, miguu nje. "Mbona umelala na viatu, mrembo?"

"Mvua," Lleucu alimjibu, kama anayemweleza mtu asiyejua kuhesabu mpaka tatu.

Rhydian alimgeukia Gwenfron apate tafsiri. Gwenfron alimwonyesha dirisha. Kifusi kilikuwa kimejaa kwenye kioo chote, juu hadi chini. Kijana alikitazama kwa adabu, kisha akatazama saa.

Alipotangulia kutoka, Meirwen alimshika Gwenfron mkono wa koti.

"Huyu nitampa, kwa sababu umemleta wewe. Lakini wewe upo, sivyo? Maana kwa huyu peke yake, mimi silali."

Ilikuwa ndiyo nafasi. Maneno matatu yangetosha: nampisha kiti changu.

"Chama kinaomba kura zote," Gwenfron alisema. Sauti yake ilitoka laini, kama ya mtu anayesoma tangazo kituoni.

"Umezipata. Za mama pia. Na Idwal Mkate nitamburura mwenyewe, hata kwa toroli."

Kura zilihesabiwa Ijumaa mchana kwenye ukumbi wa michezo. Rhydian alishinda jimbo kwa kura mia tatu na kumi na moja. Stryd Ucha peke yake ilikuwa imetoa zaidi ya mia moja. Watu wa bonde waliruka, wakakumbatiana, wakaanza kuimba kwa sauti nne bila kupangana, kama kanisani. Meirwen alimbusu Gwenfron mashavu yote mawili. "Mmoja huyo! Bado wewe!"

Saa mbili baadaye yalisomwa matokeo ya mkoa. Viti vinne, majina manne. La Gwenfron halikuwamo. Wengi walikuwa wamekwisha kuondoka kuwahi basi la mwisho la kurudi bondeni.

Alimkuta Rhydian akipigwa picha, akamsubiri.

"Muswada," alisema.

"Nitausoma, mama Gwenfron. Nakuahidi nitausoma." Alimshika mikono yote miwili. "Ila wamenipanga kamati ya utalii. Na kuna suala la gharama, unajua. Vifusi ni vingi."

"Tudur alisema utaubeba."

Rhydian aligeuka kumtafuta Tudur. Alikuwa mlangoni, anaongea na simu. Alipomaliza alikuja akitabasamu, akamkumbatia Gwenfron kwa muda mrefu mbele ya watu.

"Umefanya kazi ya watu kumi," alimwambia sikioni. "Jumatatu rudisha kadi ya mlango wa Bunge, mama. Ukifika, mlinzi atakupeleka ukachukue vitu vyako."

Jumamosi kina mama wa mtaa walimwandalia chai kwenye chumba cha nyuma ya kanisa. Walitandika kitambaa cha harusi, wakakata mkate wa zabibu kavu, wakapaka siagi nene ya sikukuu. Ukutani walitundika shuka lililoandikwa kwa rangi nyekundu: WAWILI WETU. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba aliyepita ni mmoja tu. Gazeti lilikuwa na picha ya Rhydian tu, na wao waliona ni kawaida. Tangu lini gazeti likampiga picha mpishi?

Gwenfron alisimama kwenye kizingiti na koti lake. Wakapiga makofi. Akaomba wakae. Akawaambia lililotokea ukumbini, kisha lile la Februari ofisini, sentensi kwa sentensi, bila kumtukana mtu.

Birika lilikuwa linachemka, likazimwa. Idwal Mkate alivua kofia, akaivaa tena.

"Ngoja," Meirwen alisema. "Ulipokuja kwangu na yule. Ulikuwa unajua?"

"Chama kili..." Gwenfron alianza.

"Siulizi chama. Nakuuliza wewe. Ulisimama nyumbani kwangu, mwanangu kalala palepale. Ulijua?"

"Nilijua."

"Kwamba tukimpa yule, tunakunyang'anya kiti wewe."

"Waliniambia ataubeba."

"Waliniambia!" Meirwen alicheka kicheko kifupi kikavu, akaangalia wenzake mmoja mmoja, kama anayetafuta wa kumsaidia kucheka. Wote walikuwa wanatazama vikombe vyao. Marged Posta alinyanyuka, akaanza kukusanya sahani ambazo hakuna aliyezigusa, akizipanga moja juu ya nyingine taratibu zisilie.

Gwenfron alitaka kusema neno juu ya Jumatatu, juu ya barua ambazo wangeweza kuandika, juu ya kuanza upya kutoka udiwani. Hakuna aliyempa kiti.

Lleucu alikuwa chini ya meza na kipande chake cha mkate. Alichomoza kichwa kwenye kitambaa cha harusi, mdomo una siagi, akamtazama mgeni wa heshima kwa furaha ya mtu mwenye zawadi.

"Mama alikupigia kura zote mbili," alisema.