Chumba cha Mwalimu

Hii ni kweli tupu. Sikuipata kwa jirani wala sikuiota. Nikitia chumvi hata punje, meno yangu mawili yaliyobaki na yanihame.

"Andika tarehe tatu," mkuu wa hospitali alimwambia Dada Funguo, akausukuma mlango kwa kisigino ukajifunga.

Dada Funguo, ndivyo walivyomwita pale hospitali, maana ndiye aliyewaundia mafundi wa data vyumba vyao. Vyumba vyenyewe havikuwa na kuta. Kila kimoja kilikuwa nakala ya orodha zote za hospitali ndani ya kompyuta, ya fundi mmoja peke yake, avuruge humo apendavyo asimguse mgonjwa hata mmoja. Daftarini huandikwa jina la mwenye chumba na tarehe kilipofunguliwa.

Mwalimu hakuwa nacho. Alikuwa amefundisha hesabu miaka ishirini, kazi hii akajifunza ukubwani, na ombi lake lilisubiri sahihi mezani kwa mkuu hata likakaribia kuota ndevu. Kila akiuliza, mkuu humjibu, "Fanyia humo humo kwenye orodha za kweli, mzee mwenzangu. Polepole tu." Jumatatu akajaribu amri moja ya kufuta. Majina ya waliopaswa kuitwa kusafishwa figo yakatoweka. Watu wanne hawakupigiwa simu. Watatu waliwahiwa.

"Leo ni tarehe ishirini na nne," Dada Funguo alisema.

"Kalenda naijua. Kama alikuwa na chumba tangu tarehe tatu, kosa ni lake. Kama hakuwa nacho, ni letu, mimi na wewe, binti yangu. Na una mama wa kumtunza."

"Bila sahihi yako ningekiundaje, mzee?"

"Sahihi hii hapa."

Alikiunda kama alivyounda vingine vyote, bila haraka: jina, nywila, nafasi ya kutosha, kisha nakala ya orodha kama zilivyokuwa kabla ya Jumatatu. Kwenye orodha ya figo marehemu alikuwa bado yupo, wa saba, na namba yake ya simu. Ikabaki tarehe. Kidole kilikaa juu ya kibonye mpaka kioo kikazima chenyewe. Akakiwasha. Akaandika tatu.

Mwalimu alichungulia, shati la juzi mwilini. "Dada, nasikia changu kiko tayari."

"Kiko tayari, Mwalimu."

Akaketi, akakifungua, akatembeza macho. "Kikubwa kweli. Humu hata mjinga angejifunza bila kuua mtu." Akacheka kidogo, peke yake. Mchana aliitwa ofisini kwa mkuu, akatoka na kikombe chake mkononi, moja kwa moja hadi langoni.

Hapa ndipo huwa naishia kila nikiisimulia. Leo mke wangu ameacha kukunja nguo.

"Mlango si ulifungwa, baba? Na yule dada hajamwambia mtu. Wewe uliyasikiaje?"

"Watu husema."

"Watu gani? Humo ndani mlikuwa wawili tu, wewe na yeye."

Amenisogezea simu. Namba ya Mwalimu haijawahi kunitoka kichwani. Mke wangu ameketi, shati moja mapajani, halikunji.

Inaita.