Moto Kinywani mwa Gertrude

Tangu Daisy azaliwe, Gertrude alijua kwamba siku ya kumwoza atapiga funda la maji ya muwa, aseme maneno mema, kisha alipulize hewani kama manyunyu. Wadawida, yaani Wataita, huliita jambo hili kutasa. Mzazi hutasa ili aitoe hasira moyoni na mtoto aende na baraka. Hata wao watu wa kanisa, walioacha pombe ya muwa zamani, hili hawakuliacha.

Siku ikafika. Ua wa nyumba yao, mtaa wa Kaloleni mjini Voi, ukajaa, na jamaa za Lewis, bwana harusi, walikuwa wameshuka kutoka Kishushe. Gertrude akapiga funda. Ulimi ukawaka. Kabla hajatamka neno, maji yote yalikuwa yametemwa miguuni pa Daisy, na mama mtu machozi yanamtoka.

Watu wakatazamana. Aliyetangulia kusema ni wifi yake Mghoi, dada ya marehemu mumewe, mwanamke ambaye hakuwahi kulala na neno tumboni.

"Wenye macho tumeona," alisema. "Huyu mama ana hasira na mtoto."

Daisy akamsogelea. "Mama, nimekukosea nini?"

Hapo ndipo angesema. Kinywa kilikuwa kinamuungua tangu mwaka uliopita, siku zake za mwezi zilipokoma. Pilipili hakuwa amekula, kidonda hakuwa nacho, na bado alihisi ametia kaa la moto mdomoni. Lakini aseme mbele ya wakwe? Si wangesema ni malipo ya maneno mabaya, au ugonjwa aliookota usiku? Mjane wa kanisa! Akajikaza kisabuni.

"Hakuna kitu. Nenda tu."

Daisy akaenda akilia. Mama wa namna hiyo yupo, jamani? Yupo. Aliona heri adhaniwe anamchukia mwanawe wa kumzaa kuliko ajulikane kinywa kinamuungua.

Baada ya hapo Daisy hakushika simu. Gertrude alivumilia mpaka akashindwa, akajifunga leso, akaenda kliniki moja mjini Voi. Daktari wa meno, Safaa, alimulika kila pembe ya kinywa, akasubiri majibu ya damu na sukari, halafu akavua glavu.

"Mama, kinywa chako kisafi kabisa, na vipimo viko sawa. Hii ni mishipa ya fahamu inayokupa habari ya moto usiokuwepo. Tutaitafutia dawa ya kuituliza."

"Ni mimi peke yangu?"

"Wewe peke yako? Waketishe watu wazima mia hapo nje, utapata mmoja au wawili. Na kina mama wa umri wako ndio wengi zaidi. Ila hawasemi."

Gertrude alidhani angefurahi. Badala yake uso ulimuungua kuliko ulimi. Kitu walicho nacho majirani, na yeye kwa ajili yake amemwacha mtoto aondoke akijiona hapendwi! Mficha uchi hazai. Yeye alikuwa amezaa, kisha kwa kuficha akampoteza aliyemzaa. Njia nzima hakuinua macho.

Alimpigia Lewis, akamsihi amlete Daisy Jumapili. Akamwita na Mghoi, maana jambo likimfikia Mghoi halihitaji tangazo. Wote walipoketi, akasimama.

"Sikuwa na hasira. Kinywa changu ni kigonjwa, kinaungua, na niliona haya kukuambia, mwanangu. Nisamehe."

Daisy aliinuka akaleta kikombe cha maji baridi, akapiga magoti mbele ya mamake. Gertrude akapiga funda, akavumilia, akapuliza. Manyunyu yakamlowesha Daisy uso, naye hakuyafuta.

Mghoi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuwa na neno. Jioni, aliposindikizwa na Gertrude mpaka langoni, akatazama nyuma kama mwizi wa kuku.

"Wifi," alinong'ona, "na moto wako pia asubuhi hulala, ukaamka jua likishuka?"

Gertrude hakuwa amemwambia mtu kwamba moto wake hupoa asubuhi ukawaka jioni; hilo hulijua aliye nao tu. Maneno makali yalimjaa, yale yale aliyopigwa nayo uani. Kisha akayaona macho ya wifi yake yakikwepa, na akaijua aibu ile. Alikuwa amelala nayo mwaka mzima.

Akamshika mkono.

"Jumanne nitakupitia," akasema. "Tutaenda pamoja."